Soda Haijaisha, Ndege Imetua

Wewe unayesoma hii, ulishamsindikiza binti wa jirani uwanja wa ndege. Ulipiga naye picha, ukapunga mkono, ukageuza. Hukuuliza anakwenda kwa nani.

Usijikaushe. Nakumbuka nani alikuwepo.

Binti wa dada yangu alipata kazi za ndani ng'ambo. Wakala akashika pasipoti, akashika tiketi, akatuambia tutulie.

Simu ya kwanza ilikuja baada ya miezi minne.

"Mjomba, nipo. Nyumba ina ukuta mrefu, sitoki. Mama wa hapa anasema nikionekana nje polisi wa huku watanifunga."

"Na safari ilikuwaje?"

"Fupi. Walinipa soda, sijaimaliza, tukaambiwa tufunge mikanda tunatua."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Nikaingia mtandaoni, nikaandika viwanja viwili: wa kwetu na wa huko. Kilomita elfu sita na ushee. Masaa manane angani, hapo ndege haijasimama popote.

Soda gani hiyo ya masaa manane?

Mume wa dada alicheka. "Shemeji, ndege za siku hizi zina mbio."

Dada hakucheka. Alikaa chini.

Nikaenda ofisini kwa wakala. Benchi limejaa kina mama na mabinti zao. Nikawasomea zile kilomita kwa sauti.

Wakala akanivuta kiwiko hadi nyuma, karibu na choo. Anatafuna njiti ya kiberiti, anatabasamu.

"Mjomba, mbona unaniharibia? Kazi si ile ile? Tena yupo humu humu nchini, akiumwa unamfikia."

"Sasa mlimdanganya ya nini?"

"Anayejua kwao ni karibu anatoroka. Matajiri hawataki usumbufu."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kufunga mbuzi.

Nikamwambia anipe anwani, la sivyo narudi benchini kusoma tena. Akaitoa.

Nikapanda basi. Mji mwingine, nchi hii hii. Getini nikamkuta mlinzi.

"Yule mgeni? Usijisumbue, baba. Tumeambiwa hajui lugha yetu."

Nikamwita binti kwa sauti. Akaitika kutoka uani, "Abee, mjomba!"

Mlinzi akageuka kuangalia uani. Kisha akafungua geti mwenyewe.

Binti amekonda, mikono imebabuka kwa sabuni. Hakunikumbatia. Alinong'ona, "Una kibali? Watatukamata wote."

"Mwanangu, upo nyumbani."

Hakuamini. Nikamvusha barabara, nikanunua maji dukani kwa noti ya mfukoni. Muuzaji akampa chenji. Binti akazigeuzageuza zile sarafu za kwetu, akakaa pale pale vumbini.

"Mjomba, kumbe nilikuwa nalilia kwetu nikiwa kwetu."

Lile benchi bado lipo. Hata leo limejaa, na nyumba zenye kuta ndefu ni nyingi.

Pole yako siitaki. Shika simu, mpigie uliyemsindikiza, muulize alikaa angani muda gani. Linganisha na mtandao. Yasipolingana, au simu isipopokelewa, nenda ukamkabe aliyempeleka, mbele za watu.

Sasa hivi. Si baada ya kula.