Mistari ya Mkaa Mlangoni kwa Baba

Mtaani kwetu Bagamoyo hakuna mzee aliyepeleka posa bila kupita kwanza kwa Mama Mosi. Hakuwa shangazi wa kila mtu, wala hakuwa mganga. Alikuwa mshona makuti, mke wa Kitwana mkwezi wa minazi, mwanamke mfupi mwenye kicheko kilichosikika hadi sokoni. Lakini mbali na watoto wake watano alikuwa amenyonyesha watoto kumi na mmoja wa watu wengine, na kwa sheria yetu walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Basi watu walikwenda, wakakaa mkekani, wakauliza kwa adabu kama fulani na fulani waliwahi kupita kifuani kwake. Kusoma hakujua. Alifumba macho, akahesabu majina kwa vidole, kisha akawaambia waendelee na harusi au wakatafute kwingine. Hakukosea hata mara moja, na kwa kuwa alijua hakosei, alikuwa na maringo kidogo.

Mtoto wa kumi na mbili nilikuwa mimi, Dija, na nilimtoa jasho.

Nilizaliwa miaka miwili kabla Wadachi, yaani Wajerumani, hawajapandisha bendera yao mjini. Mama yangu, Rehani, alifariki siku ya tatu. Ninayoyasimulia hapa nusu nimeyapata kwa Mama Mosi na nusu kwa baba yangu, Muhidini, na kwa kuwa wawili hao walikuwa hawakubaliani hata juu ya mvua, pale walipokubaliana mimi naamini.

Mama alipozikwa, wenye maziwa mtaani walikuwa wawili tu. Mmoja ni Mama Mosi, aliyekuwa na Husseni wake wa miezi saba. Wa pili ni Mama Zaina, mke wa baba yangu mkubwa Seleman, ambaye mwanawe Salumu alikuwa hajaachishwa ziwa. Mwingine aliitwa kutoka Zinga. Alipofika akaonekana ana mimba changa, na mwenye mimba kwetu hanyonyeshi, akarudishwa kwao na kanga ya asante.

Mtu angesema wawili wanatosha. Kwa baba yangu hawakufaa hata mmoja. Yeye na kaka yake Seleman waliachiwa na babu nyumba moja ya mawe yenye milango miwili. Salumu alipozaliwa walipeana mkono kwamba Muhidini akipata binti ataolewa na Salumu, na nyumba haitagawanywa. Kuninyonyesha kwa Mama Zaina kungenifanya dada yake Salumu siku ile ile. Na kwa Mama Mosi vivyo hivyo, kwa sababu Mama Zaina alipougua jipu la ziwa, aliyemnyonyesha Salumu siku arobaini alikuwa nani kama si yeye. Baba Mkubwa mwenyewe alikuwa Tabora na msafara. Baba hakuwa na ubavu wa kuvunja neno la kaka yake akiwa hayupo, na mimi simlaumu sana kwa hilo. Ninamlaumu kwa makopo.

Baharia mmoja wa meli ya moshi alimwambia dukani kwamba huko Ulaya watoto wa wakubwa hawanyonyi tena, wanapewa maziwa ya kopo na wanakua wanene kama mito ya pamba. Baba, aliyekuwa akiuza vitambaa vya kaniki na merikani na kuamini kila kilichokuja na meli, akaagiza kasha zima kutoka Unguja. Kopo lilikuwa na picha ya ng'ombe na maandishi mengi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Barazani kwetu wanaume walilipokezana, wakalionja, wakasema ni tamu, basi ni dawa. Mama Mosi akaligeuza mkononi akauliza kama kuna aliyewahi kumwona ng'ombe huyo akila majani. Wanaume walicheka, ila baba hakucheka.

Nilinyweshwa kwa kijiko. Siku moja maziwa yalikuwa mazito kama uji, siku ya pili mepesi kama maji ya kuoshea mchele, maana hakuna aliyejua kipimo, na maji yenyewe yalitoka kisima cha mtaani. Baada ya juma moja nikaanza kuharisha. Mama Mosi alipita kila asubuhi na makuti yake kichwani, akaniangalia, akashika miguu yangu, akaondoka bila maneno. Kwa mtu aliyesema kama yeye, kunyamaza huko kuliwatisha wanawake kuliko kuhara kwangu. Siku ya kumi alikuta utosi wangu umebonyea, akatua makuti yake, akamwambia baba kwamba kopo linafaa kuwekea chumvi.

Baba akaenda kwa Mwalimu Sadallah, aliyefundisha watoto chuo cha Kurani, amtafutie njia. Mwalimu akamfafanulia kwamba undugu wa ziwa hauthibiti kwa mtoto kulamba mara moja. Ni kunyonya mara tano, kila mara mpaka aache mwenyewe. Mwalimu alisema hivyo kumfundisha dini, lakini baba yangu alikuwa mfanyabiashara, akasikia bei. Alirudi akamwambia Mama Mosi aninyonyeshe mara nne, kila asubuhi mara moja, na kutwa nzima niendelee na kopo. Ya tano hapana.

Mama Mosi aliniambia kwamba alitamani kumpiga na bunda la makuti. Badala yake akakubali, akaenda kunywa mchuzi wa pweza ili maziwa yaongezeke. Kila nilipomaliza kunyonya, baba alichukua kipande cha mkaa akachora mstari ukutani kando ya mlango. Siku nne, mistari minne. Nikafumbua macho, nikalia kwa sauti, nikamlowesha baba kanzu, na watu wakampongeza kwa hekima yake.

Siku ya tano nikabaki na kopo peke yake. Siku ya saba nilikuwa silii tena.

Asubuhi hiyo baba alikuwa forodhani kupokea majora yake. Mama Mosi aliingia akamkuta Mama Zaina amenipakata, kijiko mkononi, maziwa yanamwagika pembeni mwa mdomo wangu, na machozi yake yanaangukia humo humo. Akanichukua. Angeweza kuninyonyesha chumbani, mlango ukafungwa, na Mama Zaina angekufa na siri hiyo. Hilo ndilo asilolifanya maishani mwake. Ziwa la siri, alisema, siku moja litamwoza mtu kwa kaka yake. Akatoka nami mpaka barazani, penye watu wanaopita, akakaa, akajitanda kaniki yake, akamtuma Mama Zaina amwite Mwalimu Sadallah na yeyote mwingine mwenye macho.

Mwanzoni sikuwa na nguvu ya kushika ziwa. Alinikamulia tone tone mdomoni, akiniita kwa jina, akinitukana kwa upole kama alivyowatukana wanawe. Kisha nikashika.

Habari ilimfikia baba forodhani upesi kuliko alivyoweza kutembea. Alikuja amevaa kiatu kimoja, watu wakampisha. Mama Mosi hakuinuka.

"Bwana Muhidini, hii ni ya tano," alisema. "Sikuiiba, nimeita mashahidi. Neno la kaka yako nimelivunja mimi, wewe hukulivunja. Akirudi kutoka Tabora mwelekeze kwangu."

Baba alisimama. Mwalimu Sadallah alikuwa akitazama chini.

"Ameshiba?" baba akauliza.

"Bado."

Baba akakaa kwenye ngazi, na kiatu chake kimoja, akangoja. Hakuna aliyeondoka. Nilipoliachia ziwa mwenyewe na kulala, aliinuka, akaokota mkaa, akachora mstari wa tano, mrefu kuliko yote minne.

"Mstari huu nimeuchora mimi," alimwambia Mama Mosi. "Kaka akija, ataniuliza mimi."

Baba Mkubwa Seleman alirudi baada ya miezi minane. Alikaa siku tatu bila kusema na baba, wakipitia kila mtu mlango wake. Siku ya nne nilitambaa mpaka upande wake nikang'ang'ania mguu wa Salumu, na Baba Mkubwa akamwambia mwanawe amtunze dada yake. Nyumba haikugawanywa. Salumu alioa msichana wa Pangani, nami niliolewa mtaa wa pili, baada ya mume wangu kwenda kukaa mkekani kwa Mama Mosi na kuulizwa mpaka jina la bibi yake.

Makopo yaliyobaki baba aliyamwaga, na Mama Mosi akayachukua akawekea chumvi, kama alivyosema. Tena alihakikisha kila mgeni anayaona.

Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, nyumba yetu hupakwa chokaa. Baba alikuwa akisimama kando ya mlango tangu mpakaji anaanza hadi anamaliza, asije akaifuta mistari. Tangu baba afariki, ninasimama mimi.