Wote Waliitwa Wafanyakazi

Nililia. Kwa miaka mingi nilikana, nikisingizia vumbi, maana mimi ndiye niliyewafundisha wanafunzi chuoni kwamba picha ya kale ni ushahidi, na ushahidi hauliliwi. Lakini siku ile katika jumba la makumbusho hapa Kitale nililia, mbele ya picha ya vibarua waliopangwa kando ya ghala la mahindi. Maelezo yalitaja jina la mzungu mwenye shamba, na la farasi wake. Waliobaki waliitwa “wafanyakazi”. Aliyechuchumaa katikati alikuwa na paji la uso la marehemu baba yangu.

Mwaka huu shangazi yangu wa Bungoma, dada ya baba, aliambiwa kwamba presha ya macho itampofusha. Alitaka kitu kimoja: auone uso wa baba yake, aliyefia kwenye mashamba ya Kitale yeye akiwa mdogo, bila kuacha picha.

Nikarudi makumbusho, nikaipiga ile picha kwa simu, nikaipeleka studio mjini Bungoma. Mwenye studio anaishi kwa picha za matanga. Alimfanyia babu anachowafanyia marehemu wote: alimkata kutoka kwa wenzake, akamvisha suti na tai, akamwekea mawingu nyuma.

“Sasa ako smart, madam.”

Nami, msomi mzima, nikaona kweli amependeza.

Shangazi aliisogeza hadi puani. “Huyu ni diwani wa wapi?”

“Ni babu, shangazi.”

“Baba alizikwa na blanketi. Suti mmetoa wapi? Wewe na madigrii yako! Lete ile yenye watu.”

Nikamchapishia picha nzima, kubwa, nikamwachia. Nyumbani Kitale nilingoja simu yake kwa woga. Historia haikunihusu tena. Nilitaka tu kuambiwa kwamba sikumlilia mtu baki.

Alipiga Jumapili, ametoka kanisani.

“Huyo wako wa katikati simjui,” alisema. “Baba ni yule wa mwisho kushoto. Amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja. Alisimama hivyo hata akinywa uji.”

“Na uso, shangazi?”

“Aligeuka wakipigwa picha. Ni ukungu tu.”

Nikamwambia labda kuna mtu wa kompyuta anayeweza kuusafisha.

“Wacha. Mtampotezea na mguu pia.”

Kisha, saa saba mchana, nikamsikia akimwambia mtu pale nyumbani kwake afungue dirisha, mwanga uingie.