Santuri Iliyofika Nikiwa Eda

Nilipoolewa nilikuwa na santuri mbili tu, na zote zilikuwa za kundi moja la roki: vijana watano wa Kiingereza wenye nywele za mabegani, waliopiga magitaa ya umeme kama watu wanaotaka kubomoa nyumba. Nilizipata Dar es Salaam nilipokuwa nasoma sekondari. Nilikaa kwa shangazi yangu, na jirani yetu alikuwa msichana wa Kigoa tuliyesoma naye darasa moja. Kwao kulikuwa na gramafoni sebuleni, na baba yake hakuwa na neno mradi tuizime kabla hajarudi kutoka kazini. Hapo ndipo nilipowasikia wale watano mara ya kwanza. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Nilichoelewa ni kwamba yule mwimbaji hakujali sauti yake inatokaje, nami nilikuwa nimelelewa kuangalia hata namna ninavyokohoa mbele za watu.

Nikaolewa Bagamoyo na fundi redio. Alikuwa na kibanda karibu na soko, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo, kila moja imefungwa kijikaratasi chenye jina la mwenyewe na ugonjwa wake. Mtu mpole, mwembamba, mpenzi wa taarabu. Aliniletea gramafoni ya betri aliyoipata kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka lake, akaitengeneza kwa mikono yake, akaiweka chumbani kwetu. Nilipopiga santuri zangu alisimama mlangoni akasikiliza wimbo mzima kwa adabu, kisha akauliza, "Hawa wanagombana na nani, bibie?"

"Hawagombani. Ndivyo wanavyoimba."

"Basi na wapatane," akasema, akarudi kazini.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, rafiki yangu Mgoa aliniandikia barua. Alikuwa na mjomba wake London, na mjomba alikuwa amesoma gazetini kwamba wale watano wamo studioni wanarekodi santuri mpya, itatoka kabla ya mwisho wa mwaka. Mjomba angeipeleka kwake, na yeye angeniwekea yangu. Nilimsomea mume wangu barua ile wakati wa chakula cha mchana, nikiitafsiri pale ilipoandikwa Kiingereza. Akacheka. "Ikifika nitaifuata mwenyewe," akasema. "Nataka kujua kama wamepatana."

Majuma mawili baadaye aliamka na maumivu ya tumbo. Watu walisema ni chango, akanyweshwa dawa za mizizi siku mbili. Siku ya tatu tumbo lilikuwa gumu kama ubao, tukamchukua hospitali kwa gari la kuazima. Daktari alisema utumbo umejikunja na muda umepita. Alifariki asubuhi, jua limekwisha panda, mimi nimekaa nje kwenye benchi na bakuli la uji ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia niliweke wapi.

Sikulia. Nasema hivyo kwa kuwa lilisemwa na wengi. Wanawake walijaa nyumbani kwa mama mkwe wangu, nikawekwa katikati, na kila aliyeingia alianguka mapajani mwangu akalia, kisha akainua uso kuutazama wangu. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenziwe, "Huyu mtoto hana machozi." Mama mkwe wangu alilisikia pia. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa amezikwa jana yake. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mwacheni."

Nikaanza kukaa eda kwake, miezi minne na siku kumi, kama inavyompasa mjane. Kwetu mwanamke aliye eda huitwa kizuka, na jina lile lilinikaa vizuri. Nilivaa nguo nyeupe, sikutia wanja wala manukato, sikutoka wala kuonana na wanaume wasio maharimu wangu. Gramafoni yangu ilifungwa kwenye shuka ikapelekwa kibandani. Redio ilibaki sebuleni kwa ajili ya taarifa ya habari, na wifi yangu alikaa karibu nayo. Muziki ulipoanza tu, mkono wake ulikuwa umekwisha fika kwenye kifungo.

Watu walikuja kunipa pole wakanihesabia siku. Zimebaki tisini. Zimebaki sabini na tano. Waliona nami nahesabu. Nilikuwa nahesabu kweli, lakini si eda. Nilikuwa nahesabu siku za santuri. Kama inatoka kabla ya mwisho wa mwaka, na meli inachukua muda fulani, na rafiki yangu atapata mtu wa kumtuma, basi itafika lini? Nilijaribu kumfikiria mume wangu nikaona shati lake tu, lile la mistari, bila uso juu yake. Nilijaribu tena kesho yake, ikawa vilevile. Nikarudi kwenye santuri.

Nilikuwa nikilala chali kwenye mkeka adhuhuri, nyumba imetulia, nikizipiga zile mbili za zamani kichwani, wimbo baada ya wimbo, hata pale sindano ilipokuwa ikiruka kwenye mkwaruzo nami naruka. Zikiisha, naanza kuitunga ile mpya. Wimbo wa kwanza wataingia na ngoma peke yake. Wa pili utakuwa wa polepole. Wa tatu ataimba yule mpiga besi ambaye hawampi nafasi. Sikuwa na furaha katika kufanya hivyo. Ni kama mtu anayekwangua ukuta kwa ukucha. Lakini ndicho kitu pekee kilichokuwa mbele yangu; vingine vyote vilikuwa vimekwisha tokea.

Mwezi wa tatu wa eda rafiki yangu Mgoa alikuja. Alikuwa amejifunga kanga mbili juu ya gauni lake fupi, na jasho linamtoka. Alimwamkia mama mkwe wangu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa mkekani karibu yangu akanishika mkono. Alipokuwa anaondoka alitoa ndani ya mkoba wake bahasha kubwa ya kaki, akaiweka baina yetu. Nikajua ni nini kwa umbo lake.

Mama mkwe alijua pia kwamba kuna jambo. Mgeni alipotoka akauliza, "Hiyo nini, mwanangu?"

"Santuri, mama."

"Ya kaswida?"

"Hapana, mama. Ya muziki."

Akaichukua, akaitoa kwenye bahasha. Niliiona kwa mara ya kwanza mkononi mwake: wale watano wamesimama mbele ya ukuta wa matofali, hakuna anayecheka, ndevu zimeongezeka. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Hawa wana mama zao?"

"Nadhani wanao."

"Na wanawaacha na nywele hizi." Akairudisha kwenye bahasha, akaenda nayo chumbani kwake. Nikasikia kasha lake likifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alisema nitapewa siku ya kutoka eda, akaendelea kuchambua mchele.

Baadaye kidogo, bila kuniangalia, akaniuliza, "Ulikuwa ukiingoja?"

Sikuwa na nguvu za kusema uongo. "Ndiyo, mama. Tangu siku ya kwanza. Yeye simfikirii. Nafikiria hiyo."

Nilitaraji atakasirika, na sikujali. Alipeperusha makapi, akaokota kijiwe, akakitupa.

"Nilipofiwa na baba yake," akasema, "nilikuwa nimemwagiza mtu Unguja mwavuli. Mweusi, mpini wake wa mfupa. Eda nzima naufikiria mwavuli. Watu wanasoma hitima, mimi nawaza mwavuli utakuja na chombo gani."

"Ulifika?"

"Ulifika."

"Ukawaje?"

"Ukawa mwavuli."

Hatukulizungumza tena.

Siku ya kutoka eda nilioshwa, nikavikwa nguo za rangi, nikatiwa udi. Asubuhi iliyofuata mama mkwe aliweka bahasha ya kaki kitandani pangu pamoja na ufunguo wa kibanda. Tulikwenda wote wawili. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua, tukausukuma kwa mabega. Ndani palinuka vumbi na risasi ya kulehemu. Redio za watu zilikuwa bado zimepangwa na vijikaratasi vyao, mwandiko wake ukiwa umeinamia kushoto: *haisemi, inasema kisha inanyamaza, sauti ya mbali.* Wenyewe walikuwa wameona haya kuja kuzidai kwa mjane.

Nikaifungua gramafoni kwenye shuka, nikatia betri mpya, nikaweka santuri. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda pale mlangoni. Upande wa kwanza ukaanza, na haukuanza na ngoma. Ulianza na kinanda, chombo ambacho sikuwahi kukisikia kwao. Nyimbo zilikuwa ndefu. Mpiga besi hakuimba. Yule mwimbaji alikuwa amejifunza kuimba vizuri. Nilikaa nimeinamisha kichwa, nikingoja kitu kinifike, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi anavyojifinya kuona kama nyama imerudi. Nikageuza upande wa pili. Ulipokwisha, sindano ikabaki inazunguka katikati, shwa, shwa, mpaka mama mkwe akainyanyua mwenyewe kwa vidole viwili, taratibu, kama alivyokuwa akimwona mwanawe akifanya.

"Wamepatana?" akauliza. Kumbe mume wangu alikuwa amemsimulia mama yake.

"Naona wamepatana."

Akaitikia kwa kichwa. Tulifunga kibanda tukaenda sokoni kununua samaki.

Redio tulizirudisha moja moja, zilizopona na zisizopona. Kibanda kikapangishwa kwa fundi cherehani. Mimi nilijifunza kupiga taipu, na kwa kuwa Kiingereza nilikuwa nacho, nikapata kazi katika ofisi moja huko Mbegani. Niliendelea kuishi kwa mama mkwe. Watu walishangaa, wakidhani tungeachana baada ya eda, lakini hakuna kati yetu aliyelianzisha. Ile santuri niliipiga mara mbili tatu, kisha ikakaa kashani mwa mama mkwe pamoja na vitu vyake.

Ofisini palikuwa na redio juu ya kabati la mafaili. Siku moja mchana mkuu wangu, mtu mzima wa Pangani, aliiwasha asikilize habari, akakosea masafa akapata idhaa ya Kiingereza. Mtangazaji alikuwa anasema kwamba kundi lile limevunjika. Hawatarekodi tena. Alilisema kwa haraka, akapita kwenye jambo jingine, bei ya kitu fulani, na mkuu wangu akazungusha kifungo kutafuta stesheni yake.

Nilikuwa katikati ya barua. Niliona herufi zinacheza, nikadhani utepe umelegea. Kisha nikasikia sauti nisiyoijua, nene, haijali inatokaje, na ilikuwa inatoka kwangu.

Mkuu wangu aliinuka kwenye kiti. "Kuna nini, binti? Nani amefariki?"

"Mume wangu," nikasema.

"Inna lillahi. Lini?"

"Mwaka juzi."

Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye redio. Kisha akaizima, akasogeza kiti chake mpaka kikaelekea dirishani, akachukua gazeti. Alisema yeye ana mambo ya kusoma, niendelee tu, asije mtu akanikatiza. Niliendelea mpaka karibu na saa tisa. Uso wa mume wangu ulinijia wote, na kidonda kidogo cha wembe alichokuwa nacho kidevuni siku niliyomsomea barua.

Jioni nilimweleza mama mkwe, macho yangu yakiwa bado yamevimba. Alinisikiliza yote, ya ofisini na ya redio.

"Lakini hao hawakufa?" akauliza.

"Hapana, mama. Wameachana tu."

"Basi watapata kazi nyingine," akasema, akanisogezea sahani.