Mwalimu Anguyo na Kiuno cha Mkwe

Katika Arua nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyejua wanavyocheza Vienna, naye hakuwahi kufika hata Entebbe. Mwalimu Anguyo alijifunza salsa, tango na valsi, ile dansi ya kushikana kiuno, kwenye simu. Akafungua darasa Mvara, nyuma ya duka la saruji, na kwa miaka tisa maharusi waliingia ukumbini wakihesabu moja-mbili-tatu kama watoto wa chekechea. Ngoma ya agwara, ya zile pembe ndefu za kibuyu walizorukia babu zake, aliiita vumbi. Bintiye Driciru alipofumaniwa Pajulu akiicheza, alifungiwa ndani wiki nzima.

Sasa Driciru alikuwa anaolewa Koboko.

"Baba, naomba kitu kimoja tu. Usiniaibishe kwa wakwe."

"Mwanangu! Wataona ustaarabu."

Waliuona. Baada ya chakula, Natalina, mama wa bwana harusi, alisimama hatua tatu mbele ya mwalimu, akampigia vigelegele kumwita kwenye duara la agwara. Mwalimu akazimaliza hizo hatua tatu, akainama, na mkono wake ukatua kiunoni mwa yule mama, palepale video iliposema utue.

Pembe zote zikanyamaza. Kule hata kumpa mkwe mkono mtu hufikiri mara mbili.

"Ee! Mutu iko nashika mkwe kiuno?" alipaza sauti Swadiki, mjomba wa bwana harusi. "Mzee, binti yako ndio naolewa, ao wewe nataka kuoa?"

"Ni valsi," alieleza mwalimu. "Ya Vienna."

"Basi mbuzi ya Vienna iko wapi? Leta mbuzi ya faini, halafu cheza ya watu. Kama hapana, rudi na binti yako."

Mbuzi alipatikana. Miguu ndiyo haikupatikana. Bingwa wa tango alisimama katikati ya duara kama kigingi, hadi bibi harusi alipopandisha gauni lake jeupe, akaja kumshika mkono.

"Usihesabu, Baba. Ruka tu."

Aliruka vibaya, nyuma ya mdundo, viatu vyake vya kung'aa vikimezwa na lile vumbi alilolitukana. Natalina alicheka mpaka akakaa chini, kisha akapiga kigelegele, na ndoa ikapita. Driciru hakumwachia mkono.

Jumatatu, mwanafunzi mmoja aliuliza watu wa Koboko waliionaje valsi.

"Hawataisahau," alisema mwalimu, akainama kufuta viatu.