Pampu ya Ludara Iliyokataa Kuamka

Hadijah wa Koboko huandika programu, na zake ni zile za mwanzo kabisa, zinazoiamsha bodi ya mashine jua linapogusa paneli. Ya pampu ya maji ya kijiji cha Ludara aliiandika mwenyewe. Alilelewa nyumba ambayo hufungui mdomo kabla ya kusalimia, basi jambo la kwanza bodi iliandika "Umeamkaje?" kwenye skrini yake ndogo, ndipo igeukie kazi nyingine.

Asubuhi nyingine pampu iliamka, asubuhi nyingine hata kukohoa hapana. Hadijah akifika na bodaboda, akaizima pampu, akaiwasha, maji hayo!

"Hiyo mashine inakupenda wewe," wanawake wa kisimani walimtania. "Si uolewe nayo tu?"

Mama Agnes Keji, mwenyekiti wa kisima, hakucheka. "Binti yangu, ikilala tena, tunarudisha injini ya dizeli. Watoto iko na kiu."

Siku hiyo Hadijah alikaa na kompyuta yake. Alipitia programu mstari kwa mstari mpaka akaona kosa. Prosesa, ubongo wa bodi, ikipatwa na hitilafu huacha kila kitu, ikakimbilia mahali ilipoelekezwa. Yeye mahali hapo alipaweka baada ya salamu! Shida ikitokea katikati ya salamu, maskini haina pa kukimbilia, inaganda hapo hapo. Hata mleta habari ya msiba lazima ajue abishe hodi nyumba gani.

Akageuza: kwanza mahali pa kupokea shida, salamu baadaye. Shida ikija, bodi iwashe taa nyekundu, iruke kilichogoma, ivute maji.

Akaenda kulala Ludara, ajionee. Jua lilipotoka, Mama Keji na wanawake wakitazama, taa nyekundu ikapepesa, pampu ikanguruma, maji yakamwagika. Hadijah akafungua sanduku la bodi. Skrini haipo!

Mara huyo Kenyi, mlinzi wa kisima, anakuja mbio, koti limetuna kifuani.

"Skrini iko kwangu, mama! Wezi iko mingi. Jioni nachukua, asubuhi narudisha. Leo nimechelewa kidogo."

"Na siku zile zingine?"

"Zile pia kidogo. Wewe ukifika, nimesharudisha."

Kumbe bodi iliganda kwa kuisalimia skrini iliyo kotini mwa Kenyi, kama kumwamkia mtu asiyekuwepo! Mama Keji akacheka mpaka akashika nguzo.

"Kenyi, wewe na pampu, bora pampu. Yeye skrini hana, na kazini amefika." Kisha akawageukia wanawake. "Leteni jerikani! Ile dizeli ikae huko huko."