Mume wangu aliuliza sababu ya vita, mkalimani alikuwa kaka yangu

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa zangu kama mpo humu, shikamoo, ila kwa umri wangu sidhani.

Nimeshavuka tisini, naishi Sofu hapa Kibaha. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo mnivumilie typing ya kidole kimoja.

Humu nimekuwa msomaji tu. Leo nimefungua ID kwa sababu naona mnatukanana juu ya vita ya huko kwa wenzetu. Huyu anasema ina sababu, yule anasema sababu zenyewe za uongo.

Na mimi nina langu. Nililoliona nitasema nimeliona. Nisilolijua nitasema silijui.

Ilikuwa wakati wa vita ya Hitler. Nilikuwa mke mbichi pale Kisarawe, nimeolewa na kijana akiitwa Kondo.

Kondo kwetu Wazaramo maana yake vita. Alizaliwa katika vita ile ya kwanza, Mjerumani na Mwingereza walipokuwa wanagombania nchi yetu. Baba yake alibebeshwa mizigo ya Mjerumani. Mwingereza alipomteka, akambebesha ya kwake. Mzee alirudi bega moja limeshuka, halikupanda tena mpaka anaingia kaburini.

Sasa kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, alikuwa Ramadhani. Yeye alisoma. Alikuwa karani pale boma, na Mzungu akiwa na neno na watu, Ramadhani ndiye mkalimani.

Ramadhani ndiye aliyemleta Kondo nyumbani kunichumbia. Walikuwa wanakula sahani moja hao.

Vita ilipoanza, sahani ile ile ikawa ya mabishano.

"Shemeji, Mjerumani akirudi, hamsa ishirini inarudi," Ramadhani alikuwa anasema. Ni vile viboko ishirini na tano, wazee wote walivijua.

"Mzee wangu kabebeshwa na wote wawili," Kondo anamjibu. "Kamuulize mzigo wa nani ulikuwa mwepesi."

"Hitler anachukua nchi za watu kwa nguvu!"

"Na hawa wa boma, waliingia kwa kupiga hodi?"

Mimi nawaambia jamani kuleni, bada linapoa. Bada ni ugali wa muhogo, kwa vijana msiojua.

Mwanzoni walikuwa wanacheka. Baadaye akawa anacheka Kondo peke yake.

Siku moja tukaitwa baraza. Wanaume mbele wamekaa chini, sisi wanawake nyuma tumesimama. Bwana DC akatueleza sababu za vita. Hitler ni mwizi wa nchi za watu, na Mfalme anapigana ili kila taifa liwe huru. Kwa hiyo vijana wanatakiwa.

Ramadhani pembeni yake, koti juu ya kanzu, anatafsiri vizuri kweli. Hata mimi niliona fahari, nisiwafiche.

Kisha ikaulizwa nani ana swali. Mnajua wenyewe maswali ya namna hiyo, yanaulizwa ili watu wanyamaze.

Kondo akasimama.

"Bwana, tumesikia Hitler kachukua nchi za watu bila ridhaa yao, na ndiyo sababu ya vita. Hii yetu, ridhaa mlimwomba nani?"

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika chenyewe.

Wakuu, uwanja ule wote, Kiingereza kilikuwa cha Ramadhani peke yake. Angeweza kusema kauliza mshahara wa askari. Nilikuwa namwangalia, moyoni nasema kaka, punguza, huyu ni mume wangu.

Akatafsiri.

Swali lilikuwa fupi. Kiingereza chake kikawa kirefu.

Mzungu akageuka mwekundu, akauliza jina. Ramadhani akataja la Kondo, na la baba yake akaongeza.

Hazikupita siku nyingi, watu wa jumbe wakaja kumchukua. Si jeshini, bali kazi ya lazima kwenye mkonge, maana mkonge nao ulitakiwa kwa vita. Ni kweli walichukuliwa wengi nchi hii. Lakini mtaani kwetu alichukuliwa yeye tu.

Nikaenda kwa kaka yangu.

"Ulimwambia nini yule Mzungu?"

"Nilitafsiri."

"Maneno yote yale?"

"Dada, hii ni vita. Mumeo anavunja watu moyo."

"Mtoe basi."

"Siwezi. Na ningeweza, nisingemtoa."

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Hakulipwa kitu. Aliamini. Aliziamini zile sababu kuliko alivyomwamini mtu aliyekuwa anakula naye.

Kondo alirudi vita imeisha, amekwisha yeye pia, anakohoa mpaka anashika ukuta. Ramadhani akaja na sukari na kitambaa. Kondo akapokea, akasema asante shemeji. Hakula naye tena. Haukupita mwaka, tukamzika.

Nikahamia Mbwawa kwa mama yangu mdogo, nikalima.

Miaka ya hamsini ikaja mikutano ya kudai uhuru. Nikaenda mmoja, Mlandizi. Aliyepanda juu ya lori kuhutubia, Ramadhani! Boma ameshaacha.

"Walituambia tukapigane kwa sababu Hitler kachukua nchi za watu bila ridhaa," akapaza sauti. "Hii yetu, ridhaa walimwomba nani?"

Uwanja ukalipuka. Mama mmoja jirani yangu akapiga vigelegele, akaniambia, "Huyu mwanamume ana moyo!"

Nikamwambia, "Ni kaka yangu."

Akanikumbatia.

Nilimsubiri pale kwenye lori. Hakujificha, namsifu kwa hilo.

"Dada," akasema, "swali lilikuwa zuri. Wakati wake tu ndio ulikuwa haujafika."

"Siku ile ulimwambia nini Mzungu?"

"Sikumbuki."

Akapanda, wakaondoka.

Mpaka leo sijui. Kiingereza kile kirefu kaenda nacho. Alizikwa kwa heshima, wakasema ndiye wa kwanza kuuliza lile swali Kisarawe nzima. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naosha masufuria ya matanga. Marehemu hasemwi, nikanyamaza.

Uhuru niliushangilia, nisije nikaeleweka vibaya. Mkono wake ulikuwamo, siwezi kumnyima.

Ila nilichojifunza ni hiki. Mkiambiwa sababu za vita, msihangaike sana kupima kama ni tamu au chungu. Subirini mmoja aulize swali, halafu angalieni anapelekwa wapi.

Haya, uwanja wenu. Wenye wazee waliokuwapo, waulizeni mtuandikie. Na anayemtetea kaka yangu aje pia, nitamsoma mpaka mwisho. Mume wangu hakupewa hiyo nafasi.