Kinini ya Kuzala

Weye mwenye uliandika chini ya texte yangu ya juma lililopita asema "bukoma ni bugonjwa ya bantu bachafu", unanichokesha. Soma basi. Nitakuelezea nkambo wangu Germaine, mama ya mama yangu.

1961, wakati ya sécession, jimbo yetu ilijitenga na inchi, alikuwa na miaka makumi mbili na tatu. Alitoka Mitwaba, bwana yake Godefroid anatumika ku reli, banaishi Kampemba. Ku mukono wake ya kushoto kulikuwa alama yenye haisikie kitu, hata kaa la moto. Ku dispensaire, muganga infirmier Zéphirin akamupa kinini, vidonge nyeupe: moja kila siku, miaka mingi. Midomo yake ikageuka bluu kidogo, pumuzi inakatika akibeba ndoo ya maji.

"Ni dawa njo inafanya vile," Zéphirin alimuambia. "Kuja kila mwezi nipime damu. Lakini ukiacha, vidole vinaenda."

Godefroid akasikia haya juu ya bukoma ya bibi yake. Akaambia majirani ya rue asema ni kinini ya kuzala. Germaine akanyamaza, juu bantu bakijua, atafukuzwa mu nyumba.

Albertine, dada ya Godefroid, alikuwa na miaka sita ya ndoa bila mutoto. Akakuja kumutania mulamu wake:

"Mulamu, ile dawa inaleta mutoto ama inaleta midomo ya bluu tu?"

"Inaleta kuchoka tu, mulamu."

"Basi iko nguvu."

Kisha akaiba kinini yote ya Germaine. Akameza mbili kwa siku, kisha tatu. Alifikiri akiharakisha, mutoto naye ataharakisha.

Siku ya sita macho yake ikakuwa manjano, mukojo mweusi sawa kahawa, hawezi kusimama. Kinini yenye ilibakia ikaonekana chini ya mukeka yake.

"Nyamaza," Godefroid akaambia Germaine. "Tuseme ni malaria."

Dada ya tumbo moja anakufa, na yeye anachunga jina yake.

Germaine akaangalia Albertine kwenye mukeka. Kisha akasema mbele ya bamama majirani bote: "Ile kinini ni ya bukoma. Ni yangu. Mumupeleke kwa Zéphirin, mumuambie alimeza ngapi."

Bakamubeba, bakapita ku barrage ya basoda yenye bunduki ku njia, bakafika. Zéphirin akasema damu ya Albertine haipatane na ile dawa, akamukataza kabisa. Bakamuongezea damu. Akapona.

Na kitu ya kwanza Albertine alifanya kisha kupona? Akafunga kamba nyekundu ku kopo ya Germaine. "Mulamu, sasa unakunywa mu yako." Kinywa ile ile yenye ilimeza kinini ya Germaine tatu tatu. Zéphirin alikuja kubaelezea asema mwenye anameza dawa haambukize mutu. Hakuna alisikiliza. Godefroid akatosha mukeka ya Germaine mu nyumba, akaiweka ku jikoni ya inje.

Germaine alimeza kinini miaka saba tena, peke yake mu ile jikoni. Vidole mbili vilikunjama. Bile bingine bilishona uniforme yangu ya masomo.

Leo nkambo iko na miaka makumi nane na saba, anaishi kwetu Naviundu. Ku matanga bangali banamupatia maji mu kopo ya kutupa.

Kuja kwetu Naviundu, weye wa commentaire. Omba maji. Muache nkambo akunywe wa kwanza, kisha kunywa mu ile kopo yake.